Sahihi ya Mama Tanuri

Kiwandani walimwita Mama Tanuri, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia tanuri la ombwe: pipa kubwa la chuma ambalo pampu hulinyonya hewa yote kabla ya moto kuwashwa, ili vyuma viive bila kuungua na vitoke vinang'aa kama vijiko vipya. Kazi hiyo alitafutiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu.

Asubuhi moja alipanga pini za chuma ndani ya tanuri, akafunga mlango, akavuta hewa, akazima pampu na kuikodolea macho geji ya kupimia hewa. Mshale haukutulia. Ulikuwa ukipanda, taratibu, kama mtu anayenyata.

"Shemeji, tanuri linaingiza hewa. Mpira wa mlango umekwisha."

"Mpira mpya unakuja baada ya wiki sita. Mteja anazitaka pini zake Ijumaa."

"Hizi ni pini za lifti. Zinabeba watu."

"Na mimi nimekubeba wewe na wanao tangu kaka alipofariki. Nimewahi kukutajia?"

Hakuwahi. Ndiyo maana maneno yale yalimkata maini. Shemeji akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuwasha moto.

Pini zilitoka zimefubaa, zina madoa ya rangi ya majivu. Shemeji akazipeleka kwenye mashine ya kupulizia mchanga, na muda si muda zikarudi zinameta kwa nje, hata Mama Tanuri mwenyewe asingeweza kuzitofautisha na nzima. Kisha akasogezewa karatasi ya ukaguzi. Akatia sahihi.

Siku mbili hakupata lepe la usingizi. Siku ya tatu akajikaza, akamwendea meneja na kumweleza yote, bila kuficha hata kosa lake mwenyewe. Meneja akamwita shemeji. Shemeji hakupandisha sauti. Aliiweka tu ile karatasi mezani.

"Aliyepitisha ni huyu hapa."

Kabla ya saa sita mchana Mama Tanuri alikuwa nje ya geti, kaachishwa kazi, kabeba ovaroli na kikombe chake cha bati. Mzigo wa pini ulishaondoka jana yake.

Mama mkwe alikuja jioni, hakukubali hata kuketi. "Umetaka kumfukuzisha kazi mwanangu niliyebaki naye. Kwangu usikanyage." Tangu hapo binamu za wanawe hawakuonekana tena pale uani.

Alikwenda kwa mteja, kampuni ya kufunga lifti, ng'ambo ya mji. Mlinzi aliipokea barua yake, akaiweka chini ya birika la chai. Mara ya pili akaambiwa fundi mkuu kasafiri. Mara ya tatu alimpata fundi mkuu mlangoni, kijana mpole, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, tumefunga lifti kumi na moja mwezi huu. Pini zilikuja na karatasi safi. Ninayo ofisini, ina sahihi."

"Ni yangu. Ndiyo maana nakwambia karatasi hiyo si ya kweli."

Kijana alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Pumzika, mama," akasema, akarudi ndani.

Mama Tanuri hajasikia kuwa lifti yoyote imeanguka. Mwaka wa pili huu. Kila redio ya jirani inaposoma habari, huacha anachokifanya, akasimama mpaka waanze kutangaza hali ya hewa.