Nerima na Mashine ya Mwalimu Akumu

Nerima hutengeneza kompyuta mjini Busia, upande wa Uganda, na mdomo wake una pilipili. Ukimpelekea mashine uliyoimwagia chai ataitengeneza, lakini kwanza utasikia maneno. Mtu mmoja tu hasemwi: Mwalimu Akumu wa Mwello, aliyemfundisha kusoma zamani alipokuwa akifundisha shule ya Lumino.

Mwaka huu macho ya Akumu yaliingia ukungu, na daktari akasema hayatarudi. Osborn, mwalimu mkuu wake, alimwambia kwa heshima zote kwamba asiyeona kitabu hawezi kushika darasa. Shule ikifunguliwa Jumatatu, darasa lake atapewa mwingine. Akumu alilia, na hakuona haya kusema kwamba alilia.

Wafadhili waliwahi kuiachia shule kikompyuta kinachoridhika na umeme kidogo wa sola. Chipu yake, yaani ubongo wake, ni ya aina inayoitwa RISC-V, ngeni kabisa huku kwetu. Vitabu vya darasa vimo ndani. Kilichokosekana ni programu ya kuvisoma kwa sauti, na Akumu akakileta dukani kwa Nerima. Zilizokuwa tayari zote zilitengenezwa kwa chipu zilizozoeleka. Kwa hii, ilibidi Nerima achukue maandishi ya asili ya programu na kuijenga mwenyewe ndani ya mashine ileile. Wengine hununua unga dukani; yeye alipewa mtama na jiwe la kusagia.

Jumamosi saa nne asubuhi alirekebisha faili lililokataa kuitambua chipu, akaanza kujenga. Mchana umeme ukakatika. Akatoka kutafuta mafuta ya jenereta, akamwachia duka mumewe Mangeni, anayeuza mukene, wale dagaa wa Majanji. Umeme ulirudi kabla yake.

"Mama Isaac, mi nimekuwashia," Mangeni akamwambia kwa majivuno. "Imeuliza maswali, nimejibu yote."

Nerima akaendelea na kazi, na mashine ikagoma. Ililalamika kwamba faili limetoka wakati ujao, ikarudia kujenga kitu kilekile, ikalalamika tena. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Nerima akailaani chipu. Chipu ngeni husingiziwa kila kitu, kama mke aliyeolewa kutoka mbali.

Akumu alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, akiogopa kuuliza kama imeshindikana. Akauliza lingine.

"Nerima, sasa ni saa ngapi? Nisikose gari ya Mwello."

Nerima akatupa jicho kwenye kona ya skrini, akasoma tisa. "Saa tisa, Mwalimu."

Akaitazama tena. Saa tisa alasiri ilikuwa kweli, lakini mashine ilipaswa kuonyesha kumi na tano.

"Baba Isaac! Ilipokuuliza saa, uliandika nini?"

"Si ilikuwa saa nane? Nikaandika nane."

"Nane yetu, kwake ni kumi na nne!"

"Sasa mimi nitajua aje kwamba hiyo kitu ni Mzungu?"

Akumu akacheka hadi akafuta machozi. Mashine ile haina betri ya saa, kila ikiwaka huuliza. Mangeni akaijibu kwa Kiswahili, ikaamini bado ni asubuhi na kwamba faili la saa nne halijaandikwa bado. Kuuliza si ujinga, lakini nani angemwambia mwanamume aulize saa?

Nerima akairekebisha saa, akafuta vilivyoharibika, akaanza upya. Mistari iliteremka taratibu kwenye skrini, wakanywa chai, gari la Mwello likaondoka bila Akumu. Jua lilipoelekea kuzama, mistari ikakoma bila kosa hata moja.

Nerima akafungua kitabu cha darasa. Sauti kavu ya kiume ikaanza kusoma sura ya kwanza.

Akumu alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, midomo ikifuatisha. Nerima aliogopa kuliko alipofanya mtihani.

"Anasoma mbio," Akumu akasema mwishowe. "Mpunguze mwendo. Watoto wangu wanaandika polepole."

Nerima akampunguza. Akumu akatoa simu, akamwomba ampigie Osborn, akaiweka sikioni.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "hilo darasa usimpe mtu. Jumatatu nakuja."