Makaburi Kwenye Ramani ya Kambi

Kazi yangu kambini ilikuwa ramani. Nilizaliwa Bukiriro, nikafundisha jiografia miaka michache, kisha nikaajiriwa na shirika lililohudumia wakimbizi wa Burundi hapa Ngara. Asubuhi nilizunguka na kifaa cha GPS nikichukua nukta za mabomba, vyoo, zahanati na madaraja. Mchana niliziingiza kwenye kompyuta, na dishi la setilaiti likazipeleka kwenye tovuti yetu. Mtu aliyekaa Dar es Salaam, hata Ulaya, aliweza kuifungua ramani ile akaona bomba gani limekauka. Nilijivunia sana.

Watu walipoanza kurudi kwao kwa makundi, kazi iligeuka. Malori yakishaondoka na nyumba za udongo zikishabomolewa, nilifungua kompyuta na kuufuta mtaa wao, maana ramani ilitakiwa kuonyesha kambi ilivyo leo.

Siku chache kabla ya zamu ya mtaa wake kuondoka, mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo karibu na geti letu alikuja ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Alizungumza Kirundi, nami nikamjibu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, kwani lugha hizo zinasikilizana.

"Nimesikia unaandika kila kitu cha kambi hii kwenye kompyuta," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na binti yangu umemwandika?"

Nilidhani anauliza orodha ya wanaorudi, nikamwelekeza dirisha la uandikishaji. Akatikisa kichwa.

"Huyo haandikwi pale. Yuko makaburini, tangu mwaka wa pili tulipofika."

Nilifungua ramani. Penye makaburi palikuwa peupe. Miaka yote nilikuwa nimepita kando yake nikienda kukagua bomba, na haikunijia hata mara moja kwamba pale napo ni mahali. Niliona aibu kumwambia, lakini nilimwambia.

Hakulalamika. Alisema, "Basi twende ukamwandike."

Kaburi lilikuwa tuta dogo lenye mawe kichwani. Nilisimama juu yake nimeshika kifaa, tukasubiri kipate setilaiti.

"Kimemwona?" aliuliza.

"Kimemwona."

Nilipoomba kuiweka nukta ile kwenye tovuti, mkuu wetu alikataa. Hakuwa mtu mbaya. "Ramani hii iko wazi kwa dunia nzima," alisema. "Hawa watu walikimbia vita. Hujui nani anatafuta jina la nani." Mwishowe tukakubaliana kwamba nukta ziwekwe bila majina. Kila kaburi lingepata namba, na ndugu angepewa karatasi yenye namba hiyo na anwani ya tovuti. Mama aliipokea yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakujua kusoma, ila mwanawe alijua.

Habari zilienea. Siku zilizobaki nilishinda makaburini zaidi kuliko ofisini. Mzee mmoja alinionyesha walipolala watoto wake wawili, kisha akanipeleka kwenye kaburi la jirani yake asiyekuwa na ndugu, akaomba nimwandike na yeye. Wengine walikuwa wamesahau mahali. Walisimama wakigeuka huku na huku, kisha wakachagua, nami niliandika walipochagua.

Kambi ilifungwa, na mkataba wangu ukaisha. Kabla sijakabidhi kompyuta, nilimwomba mkuu aniruhusu kuzihamishia nukta za makaburi kwenye ramani ya bure ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri. Aliruhusu. Nilirudi kufundisha, safari hii Bugarama. Baada ya muda tovuti yetu ilizimwa.

Miaka ilipita. Siku moja nilipata ujumbe kupitia ramani ile ya bure. Alikuwa mwana wa yule mama. Anwani ya kwenye karatasi ilikuwa haifunguki tena, akaenda kwenye duka la intaneti Muyinga, kule Burundi, akatafuta jina la kambi mpaka akaziona nukta, na namba yao ikiwemo. Mama yake alikuwa amefariki. Alitaka kuja.

Nilimpokea, tukaenda pamoja. Pale makaburini palikuwa pamegeuka kichaka, na mtu mmoja alikuwa akichunga ng'ombe. Simu ya mgeni wangu ilituongoza mpaka ikasema tumefika. Hapakuwa na jiwe.

"Ni hapa?" aliuliza.

Ilinibidi nimwambie ukweli. "Vifaa vya wakati ule vilikosea. Huenda ni hapa, huenda ni hatua kumi kutoka hapa."

"Kwa hiyo hujui ni lipi."

"Sijui. Ila ni mojawapo ya makaburi ya hapa."

Alimwomba mchungaji yule panga, akahesabu hatua kumi kila upande, akaanza kufyeka. Nilimsaidia kung'oa magugu. Kufikia alasiri yalikuwa yameonekana matuta saba, mengine yamelala karibu sawa na ardhi. Alipiga magoti kwenye kila moja akasali rozari, nami nilikaa pembeni nikiitikia.

Alivuka mpaka kabla haujafungwa. Nilipofika nyumbani nilifungua ramani, nikaongeza maelezo kwa Kirundi na Kiswahili, kwamba nukta hizi zinaweza kukosea hatua kumi kila upande, na kwamba atakayekuja aje na panga, afyeke kote.