Matanga ya Stechford

Kosa langu la mwanzo nilipofika Birmingham, Uingereza, lilikuwa kudhani kwamba hali ya watu inasomeka mlangoni mwao. Waafghani niliokuwa nikiosha nao magari waliishi katika nyumba moja nyuma ya Barabara ya Stratford, Sparkhill, na mlangoni kwao palikuwa na rundo la viatu mpaka mlango haufunguki vizuri: raba zilizolowa, makubadhi, mabuti ya mpira yenye povu lililokauka. Kule Stechford, upande mwingine wa mji, kwa mama mmoja wa kutoka Honduras, Amerika ya Kati, palikuwa na viatu vyake na vya binti yake tu, vimepangwa juu ya gazeti. Nikatoa hukumu yangu: wale wamebanwa na maisha, huyu yuko sawa. Nilikuwa kijana wa kutoa hukumu haraka, kisha kukosa usingizi nikiikagua.

Hukumu hiyo nilikuwa na haja nayo. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, nalala sebuleni, na nilitaka kuhama. Lakini sikutaka kuhama vibaya. Nilitaka kwanza kujua mgeni anaendelea vipi vizuri zaidi katika mji huu: akikaa katikati ya wenzake, au akifunga mlango wake akaishi kivyake. Nilitaka jibu sahihi kabla sijaenda kutazama chumba hata kimoja. Ndivyo nilivyokuwa kwa kila kitu. Kihispania nilijifunza mwenyewe kwa kanda za maktaba, na kwa muda mrefu sikukizungumza na mtu yeyote, kwa kuogopa kukosea.

Huyo mama wa Honduras nilimfahamu kupitia kompyuta. Nilijifundisha kuzitengeneza, nikabandika tangazo dogo kwenye dirisha la duka, naye akapiga simu. Mashine yake ilipopona nikamwomba asinilipe, anisahihishe Kihispania changu badala yake. Akaniita mijo, yaani mwanangu, na tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila Jumamosi. Alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Aliletwa Uingereza na familia iliyomwajiri kama yaya, akaachana nayo, akajijenga upya peke yake. Alikuwa na mshahara wa kila mwezi, bustani ndogo nyuma, na binti wa shule ya sekondari aliyekuwa akijibu Kihispania cha mama yake kwa Kiingereza cha Birmingham. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado hazijaamuliwa. Akitoka nje ya nchi, asingeweza kurudi.

Watu wa Honduras aliowajua mji mzima wangeenea kwenye meza moja ya chakula. Jumapili alisali misa ya Kihispania pamoja na Wakolombia na Waekwado, wengi wao wakiwa wanawake wanaosafisha maofisi. Aliwapenda, nao walimpenda, lakini kila mmoja aliishi upande wake wa mji na kila mmoja aliingia kazini saa zile ambazo wengine wanatoka.

Waafghani walikuwa kinyume chake kwa kila kitu nilichoweza kukiona. Kazi ilikuwa ya maji baridi, malipo yalitegemea hali ya hewa, na vidole vyao vilipasuka tangu Novemba mpaka Machi. Baadhi walikuwa na ruhusa ya muda, baadhi walikuwa wakisubiri. Lakini sikuwahi kumwona mmoja wao akiwa na njaa wakati mwingine ana mkate. Aliyefika jana alipewa godoro leo na kazi kesho. Aliyeumwa alifanyiwa zamu yake bila kuombwa kushukuru. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye ndevu fupi, ndiye aliyeamua nani anapika, nani anakwenda kumtafsiria nani kwa wakili, na nani aache kubishana. Wadogo walimnung'unikia kwa siri na kumtii hadharani. Niliwaonea wivu, na niliona pia kwamba hakuna aliyeweza kulia au kupiga simu kwao bila nyumba nzima kusikia.

Nilikaa na mawazo hayo majira yote ya vuli. Kisha, baridi ilipoanza, mama mzazi wa yule mama wa Stechford akafariki huko Honduras.

Binti ndiye aliyenipigia. Nilipofika Stechford jioni ya pili nilikuta meza sebuleni yenye kitambaa cheupe, picha ya bibi, mshumaa, maua na bilauri ya maji. Kwao, mama aliniambia, msiba husaliwa siku tisa. Kila jioni watu huja, hukaa, husali, na siku ya tisa ndiyo ya kumuaga marehemu moja kwa moja. Kwenye meza nyingine palikuwa na vikombe vingi, vingine bila shaka vya kuazima, chupa kubwa ya kahawa, na sinia la mikate ya sukari aliyoioka mwenyewe. Waliokuwepo ni yeye, binti yake, na mwanamke mmoja wa kanisani ambaye tayari alikuwa amevaa koti, anawahi basi la kwenda kusafisha ofisi.

"Mama yangu alikwenda kwenye matanga ya kila mtu," alisema, akitazama viti. "Mji mzima. Mvua, tope, alikwenda. Na mimi mwanawe namuaga na viti vitupu."

Nilijua neno la Kihispania la kumjibu. Sikulisema, kwa sababu sikuwa na uhakika na sarufi yake. Nilikaa, nikainamisha kichwa, nikaondoka.

Nyumbani nilianza kujiuliza kila kitu. Je, inafaa Muislamu kukaa penye sala ile? Naweza kualika watu kwenye nyumba isiyo yangu? Wakija, wavae nini, waseme nini? Shangazi alikuwa anachambua mchele, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kwani umeitwa kwenda kuabudu?"

"Hapana."

"Umeitwa kukaa. Basi kakae. Huyo kafiwa na mama, wewe unafanya utafiti."

Kesho yake, wakati wa chai, niliwasimulia Waafghani, na hata hapo nilisimulia kama habari tu, kwa kuogopa kuwaomba. Mkubwa wao alikuwa anapasha mikono kwenye birika.

"Nani anakaa naye?" aliuliza.

"Binti yake."

"Na wanaume wa kwao? Majirani?"

"Hakuna."

Akamwaga chai iliyobaki kwenye kikombe chake. "Sisi tunafunga kazi jua likizama. Jua linazama saa kumi. Baada ya hapo tunafanya nini, zaidi ya kugombana kuhusu televisheni?"

Ndipo nilipotoa ushauri. Nikawaambia kwa uhakika wote wa mtu aliyejifunza Kihispania cha kanda kwamba mfiwa haachwi apike. Kwetu Zanzibar nyumba ya msiba haiwashi moto; majirani ndio wanaoleta chakula. Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Kwao vilevile.

Jioni ile walikuja wote, wamenawa, wamechana nywele, na sufuria la wali wa karoti na zabibu kavu limefungwa kwenye blanketi. Walileta chai yao kwenye chupa na vikombe vya karatasi, wasichafue vya mwenye nyumba. Walikaa chini kando ya ukuta, wakainamisha vichwa muda wote mama na binti walipokuwa wakisali. Walimwita khala, ambalo kwetu ni khalati, dada wa mama. Alipoinuka na sinia la kahawa, mmoja aliruka akalichukua mikononi mwake, akalirudisha mezani, akamketisha kwa adabu kubwa. Alipotaka kukata mkate, mwingine alimzuia. Nilijaa fahari. Niliona nimepanga jambo na limekwenda bila dosari.

Walikuja tena kesho yake, na keshokutwa, na kila jioni waliketi bila kugusa kitu chake.

Jioni ya nane nilikwenda jikoni kutafuta maji. Binti alikuwa amesimama kwenye sinki, anamwaga kahawa.

"Mnajua mnamuumiza?" alisema bila kugeuka.

"Nani?"

"Mama. Kila siku anaoka akitoka kazini. Kila siku mimi namwaga. Anasema labda hamwezi kula kwetu kwa sababu sisi ni Wakristo."

"Siyo hivyo. Kwetu mfiwa hapiki. Tunamheshimu."

"Kwetu aliyekufa ndiye anayekaribisha," alisema. "Kahawa ni ya bibi. Mtu akija asipoinywa, basi kaja kwetu tu, kwake hakuja." Akafungulia maji, masazo ya kahawa yakazunguka na kuzama. "Jana kalala analia. Kesho ndiyo mwisho."

Nilirudi sebuleni nikatazama vile vikombe vilivyopangwa, vikavu, vimegeuzwa mdomo chini. Nilikuwa nimevitazama wiki nzima.

Wakati tunangoja basi niliwaambia wenzangu.

"Lakini wewe unajua Kihispania," mkubwa alisema.

"Kidogo."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Anajua Kihispania cha kusoma," mwenzake akamwambia. "Cha kuuliza bado hajafika." Wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa masikio yalikuwa yananiwaka.

Siku ya tisa mkubwa alitoa amri: hakuna mtu kubeba kitu. Kwa watu wale ilikuwa adhabu. Kwenda kwenye msiba mikono mitupu kuliwafanya wasimame nje ya lango la Stechford kama watu waliosahau nguo. Mmoja alikutwa na mfuko wa machungwa ndani ya koti, akaamriwa auache juu ya ukuta wa bustani.

Ndani walikaa, walisubiri sala iishe, na mama alipoinua macho kwa wasiwasi, mkubwa akanyoosha mkono mbele ya wote na kusema, "Khala, kahawa, tafadhali."

Alimimina kikombe chake, kisha vya wengine wote. Watu wale hawakuwa wanywaji wa kahawa. Niliwaona wakiweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Mmoja alinong'ona kwamba ina ladha ya tairi, kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Walikula mikate yote. Shangazi yangu aliwasili kwa mabasi mawili akiwa na khanga juu ya koti, akanywa vikombe viwili kavu kama mtu wa Darajani kule Unguja, akaulizia unga gani umetumika. Wanawake wa kanisani walifika kwa kuchelewa, waliokuwa wameomba ruhusa kazini na waliotoroka bila kuomba. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee wa Kiingereza ambaye hawakuwahi kusalimiana naye zaidi ya kutikisa kichwa, alikuja kuuliza kama kuna tatizo, akapewa kiti na kikombe. Watu walibaki wamesimama kwenye korido. Vikombe havikutosha, ikabidi vioshwe na kuzungushwa tena, na mama akaenda kuoka mkate mwingine huku amefunga aproni, akitoa maagizo kwa sauti kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kusikia sauti yake halisi.

Aliporudi, mkubwa alimwomba amsimulie mama yake. Akasimulia jinsi alivyouza tortila, chapati za mahindi, asubuhi na jinsi alivyokuwa mkali kwa watu wasiosalimia. Nilitafsiri. Nilikosea mara nyingi, na binti alinisahihisha mbele ya watu, nami nikaendelea.

Kisha mkubwa akasema kwamba yeye alipata habari ya kifo cha mama yake kwa simu, akiwa na bomba la maji mkononi. Msikiti ulijaa, alisema, watu wa mikoa yote ya Afghanistan, wengine hawajui hata jina lake. Walimsomea, wakala, wakamkumbatia.

"Lakini hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona," alisema. Akamwonyesha binti kwa kidevu. "Wewe unaye anayemjua."

Mama alimtafsiria binti yake kwa Kihispania, ingawa binti alikuwa ameelewa vizuri kabisa, na binti hakumwambia kwamba ameelewa.

Nilikuwa nimeweka nyumba zile mbili kwenye mizani muda mrefu. Hawa walikuwa na watu, hawakuwa na mama, mke wala mtoto karibu. Huyu alikuwa na mtoto wake, hakuwa na watu. Mshahara wake wa uhakika haukumletea mtu wa kukaa kwenye kiti, na umoja wao haukuwaletea mtu wa kukumbuka sauti ya mama. Na bado kila upande ulikuwa umejenga kitu cha kupigiwa mfano kwa kile ulichonacho. Nilitazama sebule ile iliyojaa nikaona sina haja tena ya kuamua nani anaendelea vizuri zaidi.

Mambo hayakuwa mazuri kwa wote baadaye. Wawili kati ya wale waliokaa ukutani walikataliwa ukaazi na kurudishwa kwao. Mkubwa aliletewa mke na watoto, akahamia mtaa wa Hodge Hill. Mama alipata karatasi zake miaka michache baadaye, akaenda kulitazama kaburi, akarudi na kahawa ya kutugawia sote. Mimi nilihama kwa shangazi, nikapanga chumba si mbali naye.

Kilichobadilika kwangu ni kimoja. Zamani nilikuwa nakisia kimya kimya ili nisikosee mbele ya watu. Siku hizi namuuliza mwenye jambo, kwa lugha yoyote niliyo nayo, hata ikiwa mbovu.