Jiwe la Mama la Kulainishia Ukuta

Udongo mbichi uliokandwa na mavi ya ng'ombe una harufu yake, na wasioijua huziba pua. Mimi huivuta kifua kizima, maana hunirudisha kijijini kwetu Gorong'a, msimu ule wanaume walipokimbilia dhahabu wakamwachia mama nyumba ya fito iliyokandikwa nusu, na mvua i mlangoni. Mama alikuwa fundi, nasema bila haya. Ufito ulionyooka ulimwonyesha ukuta ulipofanya tumbo, kigae cha chungu kilikwangua kilichozidi, na mwisho lilipita jiwe jeusi alilorithi kwa mama yake, akasugua hadi ukuta ukafunga, maji yasipenye. Usiposuguliwa, mvua moja tu huuporomosha.

Ving'aavyo vyote si dhahabu. Watu wetu siku hizo waliisikia methali hiyo, na bado kila king'aacho walikipiga nyundo. Baba mdogo Marwa alirudi kutoka machimboni mikono mitupu, akaliona jiwe linang'aa kwenye jua. Akalinyakua, nyundo juu. "Shemeji, umekalia utajiri!"

Mama hakupiga kelele. "Livunje, Marwa. Lakini kwanza nisugulie nalo ukuta wangu, uumalize."

Kwetu mwanaume hakandiki. Wanawake waliokuja kusaidia wakaangua kicheko: "Bibi harusi mpya huyo! Nyonga kiuno, shemeji, nyonga!" Tamaa haina aibu, akasugua, jasho likamchuruzika, viganja vikachubuka. Taratibu ukuta wenyewe ukaanza kung'aa, sawasawa na jiwe.

"Ehee," mama akasema, "na ukuta nao una dhahabu. Uvunje basi."

Marwa akautazama ukuta, akalitazama jiwe. Nyundo akaiacha chini, akasugua mpaka kwenye kona. Jioni mvua ikashuka kama iliyotumwa. Ukuta haukumwaga hata donge, na Marwa alilala nyuma yake akikoroma.

Leo mjukuu wangu Mwita anafunga jipsamu, zile mbao nyeupe za kuzibia kuta, mjini Tarime. Ana kisu cha kukatia mbao zake, ana chuma kipana cha kuzibia maungio, ana msasa. Juzi alinitengenezea chumba, nami nilijivuna mbele ya majirani. Lakini jipsamu ikilowa huvimba kama mandazi, na yeye anajua. Alipomaliza alifumba macho, akaupapasa ukuta kwa kiganja, vilevile alivyokuwa akifanya mama, wala hakuna aliyemfundisha. Nikaingia ndani, nikamtolea lile jiwe la mama.

"Bibi, la nini hili?"

"Sugua kwanza," nikamwambia. "Lenyewe litakujibu."