Sale la Baba Kwenye Mashine

Mimi si mtu wa kulalamika kwenye foleni ya ukaguzi. Wapo wasafiri ambao wakiambiwa wavue mkanda wananuna kana kwamba wametukanwa. Mimi nimekulia Kariakoo, ambako mchukuzi hatoki stoo bila furushi lake kuangaliwa mlangoni, na hakuna anayeona hiyo ni dharau. Napanda ndege mara kwa mara kufuata bidhaa, kwa hiyo nilishazoea. Bangili naziacha nyumbani, na viatu nachagua vya kuchomoa tu. Bora nikaguliwe mpaka kisigino kuliko kupaa na jirani ambaye hakukaguliwa. Niliamini kabisa kwamba ukaguzi unamsumbua yule asiyejua kujipanga.

Basi Alhamisi ile nilikwenda uwanja wa ndege na uhakika wangu wote, begi moja la mkononi, na ndani yake sale la baba.

Asiyetoka kwetu Kilimanjaro huenda halijui sale. Ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Mtu aliyemkosea mwenzake akichuma jani lake, akalipiga fundo na kulipeleka au kulituma kwa aliyekosewa, ameshaomba msamaha, na hana haja ya kuongeza maneno. Kulikataa ni jambo zito, watu hawalifanyi kirahisi. Baba aliupanda mmea huo kwenye ndoo ya rangi, kwenye kibaraza cha ghorofa tunamoishi, hatua chache kutoka sokoni, na miaka yote nilidhani ni pambo.

Aliyekosewa alikuwa baba mdogo. Zamani yeye na baba waliendesha duka moja la vitenge vya jumla. Likakosekana robota moja, furushi zima la vitenge, na baba, ambaye mdomo wake ni mwepesi kama wangu, akamwita mdogo wake mwizi mbele ya ukoo mzima tulipokusanyika kijijini kwa Krismasi. Baadaye robota likaonekana kwenye stoo ya jirani, wachukuzi walikuwa wamelishusha mlango usio wake. Baba hakuomba radhi. Baba mdogo akahamia Mwanza, akafungua duka lake, na akatutangazia kwamba habari za kaka yake asiletewe, ziwe nzuri ziwe mbaya. Tukatii.

Sasa binti yake alikuwa na sherehe ya kuagwa Jumamosi, na kwetu anayesimama kumkabidhi binti ni baba mkubwa. Kadi haikuja. Baba, ambaye kiharusi kilikuwa kimempitia mwaka mmoja kabla, akaniita kibarazani asubuhi na kunipa jani lililokwisha pigwa fundo. Nilimuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Hakuwa anaogopa ndege, alikuwa anaogopa kufukuzwa mlangoni mbele ya wageni. Akaniambia fundo lisifunguliwe na mtu yeyote mpaka lifike kwa mwenyewe, maana ndivyo alivyofundishwa na babu. Na kama likikataliwa, nisipige simu, nirudi tu.

Kulifungasha kwa safari ilikuwa kazi yangu, na nikalifunga kwa ufundi wote wa Kariakoo. Sisi heshima ya mzigo tunaipima kwa ufungaji wake. Mzigo wa mkoani ukifika umelegea, mteja anajua hukumjali. Nikaliviringisha jani kwenye kitambaa kibichi lisinyauke, juu yake foili, kisha gazeti, kisha nailoni, halafu nikaliweka ndani ya kopo la bati la biskuti na kulizungushia selotepu ya kahawia mpaka kopo likapoteza sura. Nikajisifu moyoni. Halikunijia hata kidogo wazo kwamba kinachomfurahisha mteja wa jumla ndicho kinachomtia shaka mtu wa mashine.

Mkanda wa mashine ulisimama, ukarudi nyuma, ukaja mbele, ukasimama tena. Binti mmoja mwenye glavu akauliza begi ni la nani, akalitoa kopo na kuniambia nilifungue. Hapo nikaonja dawa yangu mwenyewe. Selotepu ile ilitaka wembe, na kwenye foleni ya ukaguzi hapatikani mtu mwenye wembe, ndiyo kazi ya ukaguzi. Nikabandua kwa kucha huku watu nyuma yangu wakiguna. Akanisimamia mpaka nailoni, mpaka gazeti, mpaka foili, hakuruka hata kimoja. Kulipobaki jani akalinyanyua kwa vidole viwili.

Akasema kwa namna nilivyofunga alijua ni dhahabu. Kisha akaniomba nifungue fundo, kwa sababu ndani ya fundo mtu anaweza kuficha kitu. Sikumkasirikia. Alikuwa anasema kweli. Kazi yangu ni vitambaa, na nimeshaona mambo yanayoshonewa ndani ya pindo. Lakini nikamwambia fundo silifungui. Akamwita mkubwa wake, bwana mmoja mpole wa sauti na mgumu wa msimamo, naye akanipa njia mbili: nilifungue au niliache pale. Wakati huohuo wakatangaza kwamba abiria wa Mwanza waanze kupanda.

Niliogopa. Nimebishana na madalali, na mgambo, na wenye mizigo bandarini, na sijawahi kuogopa vile. Akilini nilimwona baba amekaa kibarazani anasubiri simu ambayo, nikishindwa, mwenyewe amenikataza kuipiga. Nikashusha sauti, jambo ambalo wanaonifahamu hawataamini.

"Kaka yangu," nikasema, "baba anamwomba mdogo wake msamaha kwa hili fundo. Nikilifungua hapa, nitakuwa nimempelekea jani la mti tu. Nyinyi mna mashine. Lipitisheni peke yake mara zote mnazotaka, hata mkilipapasa sawa, ila mtu asilifungue."

Bwana yule akafikiri. Halafu akachukua trei tupu, akalilaza jani katikati na kulirudisha mashineni. Likapita kifudifudi, likapita chali, likapita limesimamishwa kwa ubavu. Binti akalipangusa kwa kile kitambaa chao cha kupimia, akakibonyeza kwenye kidude, akasubiri. Watu waliokuwa wakiguna sasa wakawa wanatazama. Mwishowe bwana akanikabidhi kwa mikono miwili na kunitakia safari njema.

Kopo nililitupa. Nilipanda ndege nimelishika sale wazi mkononi, na njia nzima nikawaza jinsi walivyolikagua. Walitafuta kila hatari na hawakuipata, na walifanya kazi yao vizuri. Hatari yenyewe ilikuwa mbele, nyumbani kwa baba mdogo.

Niliwakuta akina mama wanamenya ndizi uani na vijana wanafunga turubai. Baba mdogo alikuwa amewasimamia; nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama turubai. Nikamnyooshea jani. Hakulipokea upesi. Nilihesabu kwamba limekataliwa, nikaanza hata kutafuta kwa macho njia ya kutokea.

Kisha akalichukua. Nimekaguliwa katika viwanja vingi vya ndege, na sijaona ukaguzi kama ule. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya fundo, akalisogeza karibu na macho, akalirudisha kwenye mwanga.

"Hili kaka hakulifunga," akasema. "Sisi mzee alitufundisha pamoja, tunazungusha kulia. Hili limezungushwa kushoto. Na hizi alama za nini?"

"Kalifunga mwenyewe," nikamjibu. "Kwa mkono wa kushoto na meno. Wa kulia umelala tangu mwaka jana. Alipata kiharusi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Ulikataza, baba mdogo."

Akakaa juu ya kreti la soda. Nilimjibu vile kwa hasira niliyokuwa nimeiweka miaka, na mara ileile nikamhurumia mpaka machozi yakanitoka. Akina mama waliacha kumenya. Yeye alibaki na jani mapajani, kidole chake kikipita kwenye zile alama za meno, bila kulifungua.

Kisha akaniuliza kama pale uwanjani bado wanavua watu viatu na mikanda. Nikamwambia wanavua, tena siku hizi hawaruki kitu. Akauliza mtu wa mkono mmoja anafanyaje. Nikamwambia asijali, kesho narudi Dar kumleta baba, nitamvua mimi.

Akasimama, akalitia jani kwenye mfuko wa shati na kuniambia nikae nisaidie ndizi.

"Nakwenda kumchukua mwenyewe," akasema. "Viatu vya kaka yangu nitavivua mimi."