Kamba ya Astamaya

Mtaa mzima mjini Patan, bondeni kati ya milima, ulimsifu Astamaya kwa jambo moja: hakuwa na upendeleo. Chungwa likiwa moja, mwanawe Dilkaji na mdogo wake Sanukaji walipata nusu kwa nusu, na ole wake aliyenung'unika. Kwa hiyo mumewe alipofariki na wanawe wakataka kila mtu chake, hakuna aliyeuliza nani atagawa nyumba.

Huko nyumba ya urithi hupasuliwa wima, toka msingi mpaka jikoni darini, ili kila ndugu apate mlango wake na jiko lake. Mhandisi wa manispaa aliwasihi wasifanye hivyo. Boriti zile ndefu, alisema, ndizo zilizoishikilia nyumba matetemeko yote yaliyopita. Zikikatwa, kila nusu itajitegemea. Kama kujenga ni lazima, waijenge yote upya, pamoja.

Dilkaji alikubali kusubiri mpaka fedha zipatikane. Sanukaji hakukubali. Watu walikuwa wakimiminika bondeni kutoka milimani, hata stoo ya kuni ilipata mpangaji.

"Mama, nimngoje kaka mpaka nizeeke? Nipe changu nijenge."

"Kateni katikati," Astamaya alisema. "Sitaki kusikia tena kelele."

Akashika ncha ya kamba ya kupimia yeye mwenyewe, fundi akachora mstari, msumeno ukapita.

Sanukaji akapandisha ghorofa tano za zege. Nusu ya kaka yake, ya matofali na udongo, ikabaki imeegemea ukuta ule kama mlevi aliyeegemea rafiki. Mama akawa anakula mwezi huku, mwezi kule, ili haki itendeke.

Tetemeko lilipokuja, Jumamosi mchana, mwezi ulikuwa wa Sanukaji. Zege liliyumba, likasimama. Dilkaji alikuwa darini kwake anakula wali na dengu, na nusu yake ikashuka yote naye akiwa ndani. Walipoufukua mwili wake, Astamaya aliziona ncha za boriti kwenye kifusi, zimekatwa sawasawa kabisa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa. Angalau mtu angemtukana.

Miaka ikapita, bei ya ardhi ikapaa. Wana wawili wa Dilkaji, sasa watu wazima, wakaja na fundi kwenye kiwanja cha baba yao, chembamba kama ushoroba. Kila mmoja alitaka kusimamisha ghorofa zake.

"Bibi, wewe ndiye usiyependelea," mkubwa alisema, akimpa ncha ya kamba. "Shika hapa."

Aliishika. Akaanza kuizungusha kiganjani, akiivuta, mpaka fundi akaachia upande wake. Kisha akaketi mavumbini, katikati ya kiwanja, machozi yakimtiririka.

"Jengeni moja," alisema. "Mkitaka kugombana, gombaneni humo humo ndani."

Fundi aliinama kuomba kamba yake. Bibi hakuiachia.