Khabari Niliyompa Kaka Njiani

Ofisi yangu iko Al Khuwair, ghorofa ya nne, juu ya barabara kuu. Kila asubuhi wenzangu hufika wakiulaani msongamano wa magari. Mimi silaani. Kipande hicho cha njia nilikwisha kukipita zamani kwa miguu, nikikimbia, na tangu siku ile hakuna gari lililowahi kunichelewesha kiasi cha kunitia uchungu.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Al Khuwair haikuwa na wizara wala ghorofa. Ilikuwa mchanga, miiba, na mbuzi waliotutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea. Hawakukosea sana. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Unguja, tukatoka baada ya mapinduzi, tukahangaika Mombasa na Dubai miaka kadhaa, mpaka jamaa wa upande wa marehemu baba walipotupatia ruhusa ya kuingia Maskati na kazi ya ukarani kwenye kambi ya mafuta. Mama alibaki Unguja. Bibi alikuwa hai na hawezi kusafirishwa, na mama hakukubali kumwacha. Bibi alipofariki, kaka akaanza kumtafutia mama ruhusa. Alisimama kwenye baraza za wakubwa karibu mwaka mzima. Alipoipata akamwandikia mama barua ndefu, akatia na karatasi yenyewe ya ruhusa ndani. Miezi mitano ikapita bila jibu. Kila meli ilipotia nanga Matrah, kaka alishuka bandarini kuuliza, kisha akarudi, akala, akalala. Mimi nilijifunza kutomuuliza.

Katikati ya kungoja huko, mhandisi mmoja Mwingereza akabuni mbio. Masafa ya marathoni kamili, aliyoyapima kwa Land Rover, kutoka Hail ufukweni mpaka Hamriya, kila timu watu wanne wakipokezana kijiti. Alisema ni kwa ajili ya afya zetu. Nafikiri alinikusudia mimi.

Timu yetu Wazinjibari ilikuwa na fundi wa umeme mwenye miguu mirefu, mpishi wa kambi, mimi, na kaka. Kaka ndiye pekee aliyekuwa mkimbiaji. Skuli alikuwa akiwaacha watu mpaka wanaona haya. Akapewa kipande cha mwisho. Mimi nikapewa cha tatu, Al Khuwair.

"Kwa nini cha tatu?" nikauliza.

"Huko hapana watu wa kukuona," akajibu mpishi.

Madereva wa malori, ambao timu yao ndiyo tuliyoiogopa, walitupigia kelele asubuhi ile: "Nyinyi watu wa karafuu, mtakimbia au mtakaa mnywe chai?"

"Tutakungojeni Hamriya na buli letu!" mpishi akawajibu, akaondoka kwenda kwenye kituo chake.

Aliponifikia hakuwa na mzaha tena. Dereva wa timu ile alikuwa ametutangulia kidogo. "Shika," mpishi akasema, akaanguka mchangani. Nikashika kijiti, nikaenda, tumbo mbele na mimi nyuma yake.

Nilikuwa nimekwisha kukimbia zaidi ya nusu ya kipande changu nilipoona lori la abiria limezama kwenye mchanga wa wadi, mto mkavu usio na maji ila mvua ikinyesha. Watu walikuwa wakichimba magurudumu. Kando, juu ya sanduku la bati, alikaa mzee mmoja, na nikamjua kabla sijauona uso wake vizuri. Alikuwa jirani yetu wa Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Tulimwita Ami. Alizaliwa bara ya Oman, akahamia Unguja akiwa kijana, na sasa alikuwa anarejea kijijini kwao.

Nilisimama. Siombi radhi kwa hilo. Namna tulivyolelewa, mtu hampiti mzee mbio kama mwizi. Na huyu alikuwa ametoka aliko mama.

"Shikamoo, Ami!" Nikaubusu mkono wake.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe? Umenenepa. Nani anakufukuza?"

"Mashindano, Ami. Khabari za huko?"

"Kheri. Hapana khabari ila kheri."

"Na mama?"

"Alhamdulillahi." Alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Kaka yako yu wapi?"

"Yuko mbele, ananingoja."

"Basi nendeni mkamalize. Kisha njooni nyote wawili, tukae, tunywe kahawa. Nyote wawili, umesikia? Nnakungojeni hapa."

Mtoto yeyote wa bara ya Oman angeelewa. Kwa watu wa huko, mtu anayetoka safari hasemi kitu cha maana njiani. Ukimuuliza atakujibu kheri, hapana khabari, hata kama amebeba msiba. Mnakaa kwanza, mnakula tende, mnakunywa kahawa, kisha anaulizwa upya, na hapo ndipo anasema. Nilikuwa nimekaa nchi hii karibu miaka miwili. Nilikwisha kunywa kahawa hiyo mara nyingi, nikadhani wenyeji wanapenda kahawa tu. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikafundishwa namna ya kuhoji watu kwa utaratibu. Nilipata alama nzuri sana.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Kaka aliponiona kwa mbali alianza kurukaruka mahali alipo, na mimi, pumzi zimenikatika, nikapiga kelele:

"Mama mzima! Nimemwona Ami, ametoka Unguja! Mama mzima!"

"Unasema?"

"Mzima!"

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Dubai. Akaninyang'anya kijiti akaondoka, na waliokuwa njiani walisema alikimbia akicheka peke yake, akampita dereva wao wa mwisho kabla ya Hamriya, akafika akaendelea kukimbia mpaka wakamkamata.

Hakungoja sherehe. Alinunua halwa, akamwomba mhandisi gari na mtu wa kutupeleka, akanipitia kituoni, tukarudi Al Khuwair. Lori lilikwisha kuondoka. Ami alikuwa palepale juu ya sanduku lake. Alilikataa lori ili atungoje. Mchungaji mmoja alikuwa amempa birika la kahawa na tende kidogo.

Kaka alimbusu mkono hata hajakaa. "Ami, mama anakuja kwa meli gani?"

"Kaa, mwanangu. Kunywa."

Akanywa haraka, akakirudisha kile kikombe kidogo. Ami akakitazama, kisha akasema taratibu, "Mungu akupeni subira, wanangu."

Ilikuwa miezi mitatu tangu mama azikwe. Homa ya siku nne.

"Barua aliipata," Ami akasema. "Aliniita nimsomee mara ya pili, asije akawa hakusikia vyema. Akaniuliza kama Maskati zinauzwa mbuzi za kukunia nazi, au aje na yake. Nikamwambia njoo nayo."

Kisha kaka akanigeukia.

"Alikwambia mzima?"

"Alisema kheri. Alisema alhamdulillahi."

"Nnakuuliza, alisema mzima?"

"Hakusema."

"Neno ni lako."

"Ni langu."

Akaitika kwa kichwa, akaufungua mkebe wa halwa, akamwekea Ami mbele yake ale. Yeye hakuionja.

Hakunigombeza siku ile wala baadaye. Tumezeeka pamoja kwa wema. Watoto wangu wanampenda kuliko mimi, na wana sababu. Wapo waliosema nilimpa kaka saa nzima ya furaha ambayo asingeipata tena. Kaka hajasema hivyo. Ila tangu siku ile hapokei khabari ya mtu kutoka mdomoni mwa mtu mwingine. Akiambiwa fulani mgonjwa, fulani amepona, huchukua funguo za gari.

Mwaka jana nilipasuliwa, jambo dogo tu, la aibu kidogo. Mke wangu akampigia simu: "Shemeji, usijisumbue, mwenyewe mzima, anakula uji."

Alikuja kutoka kwake Sib, akasimama mlangoni pa chumba cha hospitali, kofia mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu, kifua changu kikipanda na kushuka.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Akarudi zake nyumbani.